Mwanangu Kaangusha Noah, Kakamatwa na Pombe, Sasa Bima Wanataka Milioni 3

SWALI

Assalam aleikum, Mzee.

Nakuandikia kutoka Arua, Uganda. Nina duka la vitenge sokoni, na samaki wakavu kutoka Pakwach nauza kwa jumla. Gari la biashara ni Toyota Noah, nililinunua kwa milioni 38 na kadi ina jina langu. Pamiti ya udereva ninayo ya siku nyingi, ila siku hizi siendeshi, macho yamechoka. Anayeendesha ni mwanangu wa pili. Ana miaka 23, na pamiti yake haijatimiza miaka miwili.

Mzee, huyu mtoto amenitia hasara. Mwaka jana alimgonga kijana wa boda boda kwenye barabara ya Rhino Camp, mguu ukavunjika. Wazee wa pande zote mbili walikaa kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ikaandikwa karatasi kwamba kosa ni letu, nikatoa milioni 2 na nusu za matibabu. Nilipopeleka risiti kwenye kampuni ya bima, wakaniambia sikupaswa kukubali kosa bila kuwauliza. Sikurudishiwa hata shilingi. Miezi michache baadaye akaliangusha gari mtaroni usiku, akitoka Pakwach. Hilo walilitengeneza, nikakatwa fungu langu, ile sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe. Na juzi hapa trafiki wamemkamata na kile kipimo chao cha pombe, Kawunyemu. Akalala ndani, akafikishwa mahakamani, akatozwa faini.

Bima yangu inaisha mwisho wa mwezi. Mwaka jana walinitoza asilimia 4 ya bei ya gari, ikafika milioni 1 na laki 8 na ushee pamoja na kodi. Sasa wameniletea karatasi ya asilimia 6 na nusu, karibu milioni 3. Tena wanasema mwanangu akiwa kwenye usukani, kila hasara nitabeba mwenyewe asilimia 20 badala ya 10. Na nifunge traka, kile kifaa cha kufuatilia gari liko wapi.

Kila mtu ana lake. Wakala aliyeniuzia bima anasema nihamie kampuni nyingine, nijaze kwamba gari halijawahi kupata ajali na kwamba dereva ni mimi, mama wa miaka 54 mwenye pamiti safi, bei itashuka. Kaka yangu anasema niachane na bima kubwa, ile inayolipa na gari langu, ninunue stika ya thadi pati tu, ile ya lazima ya kuwalipa watu wengine, trafiki hawaulizi zaidi ya hiyo. Mpwa wangu aliye Texas kanitumia ujumbe kwamba Marekani madereva wenye makosa wana karatasi yao inaitwa SR-22, wakiwa nayo serikali inawaacha waendeshe. Anauliza kwa nini na sisi tusiiombe.

La mwisho, sijui kama linahusu. Siku za soko Noah hupeleka wafanyabiashara wenzangu Ariwara, ng'ambo Kongo, kila mmoja anachangia nauli. Watu wa bima hawalijui hilo, na hawajawahi kuniuliza.

Nisaidie, mzee wangu.

Mama wa Vitenge, Arua


JIBU

Waaleikum salaam, mama. Pole kwa yote hayo.

Nianze na hilo uliloliweka mwisho ukidhani halihusu, maana limenishtua kuliko ajali zote mbili. Kwa ulivyoeleza, naona Noah yako imekatiwa bima ya gari la binafsi. Watu wakikaa ndani na kulipa, hata mkiita mchango, kwa macho ya mkataba huo ni kubeba abiria kwa malipo. Likianguka njiani kwenda Ariwara, mkadiriaji wa hasara hatahangaika na umri wa mwanao. Atakwenda hospitali, atawauliza abiria kila mmoja alitoa ngapi. Nao watamwambia, kwa nini wamfiche na wao ndio waliovunjika mbavu? Hapo dai lako la Noah limekwisha, na mlipaji wa mbavu zile utatafutwa wewe.

Unasema hawajawahi kukuuliza. Kwanza, nina hakika waliuliza. Fomu ya kuomba bima ya gari lazima iwe na mahali pa kueleza gari linatumika kwa kazi gani, na aliyejaza pale aliandika binafsi, pengine wakala, wewe ukaweka sahihi. Pili, bima inataka ukweli wote kutoka kwa anayeinunua. Jambo lolote ambalo lingeifanya kampuni ibadilishe bei au ikatae, unatakiwa kulisema hata kama hawakuliuliza. Sheria inaona kwamba wewe ndiye unayejua gari lako linalala wapi na linabeba nani, na wao hawana njia ya kujua ila kwa mdomo wako.

Basi chagua moja. Ama wenzako wapande magari mengine na Noah ibebe mizigo yako wewe, ama uiandikishe kama gari la kubeba abiria, ulipe ada ya juu zaidi, uende na kwa wanaotoa leseni za kubeba abiria kuchukua leseni yake. Mimi ningechagua la kwanza. Nauli za siku ya soko hazilingani na hatari hiyo.

Na Kongo yenyewe ina mambo yake. Stika ya Uganda ikivuka mpaka haina kazi tena. Unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Ni ule mpango wa bima uliotiwa sahihi mwaka 1986 ambao Kongo, Kenya, Rwanda na Burundi zimo, na Tanzania imebaki ndani yake ingawa ilijitoa COMESA yenyewe. Unaikata kwa kampuni yako kabla ya safari. Inawalipa watu utakaowaumiza huko, kwa kufuata sheria ya nchi ile. Noah yako hailipwi na kadi hiyo. Kama unataka na gari lenyewe likingwe ng'ambo, uombe kampuni iandike kwenye mkataba kwamba bima kubwa inafika Kongo. Halafu kule wanaendesha kulia. Kijana wa pamiti changa anavuka asubuhi akihama upande, jioni anarudi akihama tena, gari limejaa na amechoka. Kama mimi ndiye ninayepanga bei, na ningejua hilo, asilimia 6 na nusu ningeiona ndogo.

Sasa wakala.

Mama, huyo mtu usimsikilize, na kama unaweza usinunue tena kwake. Nimekaa upande wa madai miaka mingi, na mchezo wa mzazi kujiandika dereva ili mtoto aendeshe kwa bei ya mzazi ni wa zamani sana, unajulikana kila ofisi. Kwenye kuuza hakuna atakayekusumbua. Watakupokea kwa chai. Utagunduliwa siku ya ajali, kwa sababu polisi wakiandika ripoti wanaandika jina la aliyekuwa kwenye usukani na namba ya pamiti yake, na pamiti ina tarehe. Kampuni itaweka ripoti hiyo na fomu yako pamoja mezani. Fomu inasema dereva ni mama wa miaka 54, ripoti inasema kijana wa 23, na gereji ya Arua inajua Noah hiyo ilishatolewa mtaroni. Watakuambia mkataba umejengwa juu ya uongo, kwa hiyo hakuna mkataba. Na sahihi iliyo chini ni yako. Wakala atasema alijaza ulivyomwambia.

Kuna swali jingine kwenye fomu hizo ambalo wakala hakukutajia: je, kampuni yoyote imewahi kukukataa, kukuongezea bei au kukuwekea masharti maalumu? Karatasi ya asilimia 6 na nusu uliyonayo mkononi ni jibu tayari. Ukiandika hapana, umedanganya mara ya tatu kwenye fomu moja.

Kuhamia kampuni nyingine si kosa. Nenda kwa kampuni tatu, au kwa brokeri mwenye leseni ya Mamlaka ya Kusimamia Bima, weka mezani ajali zote mbili na kesi ya pombe, useme mnanipa bei gani nikiwa hivi nilivyo. Bei hazifanani. Wengine wanaogopa vijana kuliko ajali, wengine wanaogopa ajali kuliko vijana. Utashangaa.

Kaka yako ana haki kwa jambo moja, trafiki ataridhika. Sheria yetu ya thadi pati ni ya mwaka 1989, na inachomlazimisha kila mwenye gari ni hiyo stika tu, bima kubwa ni hiari. Lakini angalia inalipa nini. Inalipa kifo au maumivu ya mwili ya mtu mwingine, basi. Kiwango chake ni shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja na milioni 10 kwa ajali nzima. Wewe kwa mguu mmoja wa boda boda ulitoa milioni 2 na nusu, na hujasema kama mguu ulipona. Milioni hiyo moja ilikuwa pesa mwaka 1989, leo haimalizi upasuaji. Watu wa bima wenyewe wamepiga kelele kwa muda mrefu ibadilishwe.

Mali haimo kabisa. Ukuta wa jirani, kibanda cha soko, Prado ya mheshimiwa aliyesimama kwenye mataa, hakuna hata senti. Na Noah ikiungua au ikiibwa, pole. Kinachozidi kiwango, aliyeumia anakwenda mahakamani kukidai kutoka kwa dereva na kwa mwenye gari. Mwanao hana kitu, tuseme ukweli. Duka la vitenge ndilo lenye kitu, na gari lilikuwa kwenye kazi zako, likiendeshwa na mtu uliyemtuma. Wakili wa mlalamikaji hahitaji zaidi ya hapo.

Kuna njia ya katikati ambayo mawakala hawapendi kuitaja kwa sababu kamisheni yake ni ndogo: bima ya thadi pati pamoja na moto na wizi, na unaweza kuomba waongeze kiwango cha mali ya watu wengine. Gari lako likianguka hulipwi, lakini likiibwa au likiungua unalipwa, na mwenye Prado analipwa mpaka kiwango mlichoandika. Kwa mtu ambaye pesa imembana na gari limezeeka, naiona ina akili kuliko stika tupu. Kwa Noah ya biashara ambayo huwezi kununua nyingine kesho, bado ningekaa kwenye bima kubwa.

Mpwa wako wa Texas mpe salamu, lakini karatasi yake haina mahali pa kukaa hapa. SR-22 yenyewe haimlipi mtu yeyote. Ni hati ambayo kampuni ya bima inaipeleka serikalini kuthibitisha kwamba dereva fulani, aliyekamatwa na pombe au aliyekutwa bila bima, sasa ana bima ya kiwango cha chini cha jimbo. Akiacha kulipa, kampuni inaijulisha serikali na leseni yake inasimamishwa. Hukaa nayo miaka miwili au mitatu, kutegemea jimbo, na majimbo mengine kama Minnesota na New York hayaitumii kabisa. Florida na Virginia wana nyingine kali zaidi, FR-44, kwa waliokamatwa wamelewa, nayo inadai kiwango cha juu kuliko cha kawaida. Na bei ya bima ya watu hao hupanda vibaya, mpwa wako hilo hakulisema. Tena kiwango cha chini huko Texas ni dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, zaidi ya milioni 100 za kwetu. Ukikataliwa na angalau makampuni mawili, Texas ina mpango wa kuwagawa waliokataliwa kwa makampuni yenye leseni. Sisi hapa, kampuni ikikataa kukuuzia bima kubwa, imekataa, unaenda kubisha mlango wa pili.

Tuingie kwenye hesabu, kwa sababu milioni 3 inaweza kushuka bila uongo.

Mwaka jana asilimia 4 ya milioni 38 ilikuwa 1,520,000. VAT ya asilimia 18 juu yake ni 273,600, na ushuru wa stempu 35,000. Jumla 1,828,600, acha vijitozo. Mwaka huu asilimia 6 na nusu ni 2,470,000, VAT 444,600, stempu ileile, unafika 2,949,600. Umeongezewa 1,121,000, na katika hizo 171,000 ni za serikali, ambayo nayo inakula kila kampuni inapokuongezea.

Lakini ona, hesabu zote mbili zimetumia milioni 38, bei uliyonunulia. Gari hilo limezeeka na limeshaingia mtaroni. Likiibwa leo kampuni itakulipa thamani ya sokoni ya siku hiyo, haitatazama risiti yako ya zamani. Unalipia milioni ambazo hutazipata. Omba mthamini alipime upya. Tuseme akisema milioni 32: asilimia 6 na nusu ya hiyo ni 2,080,000, VAT 374,400, stempu 35,000, jumla 2,489,400. Umeokoa 460,200 kwa kusema kweli tu. Ila usije ukashawishika kwenda mbali na kuandika milioni 16 ili ada iwe nusu. Kampuni ikigundua gari ni la 32 na umelikatia nusu, hata matengenezo yatalipwa nusu.

Traka kubali. Itakusaidia na wewe kujua gari lilikuwa wapi saa sita za usiku. Lakini kabla hujafunga uliza nani analipia kifaa na nani analipia ada yake ya kila mwaka, na kama ukifunga asilimia inashuka. Kama haishuki, waulize kwa nini, kwa maandishi. Punguzo la kutodai fidia umeshalipoteza, usigombane nalo. Linarudi kidogo kidogo kila mwaka unaopita bila dai. Ndiyo maana mkwaruzo wa laki 3 hudai. Fundi wako amalize mwenyewe.

Fungu la asilimia 20 nalo lipime. Hasara ya milioni 8, kwa asilimia 10 ungetoa laki 8. Mwanao akiwa kwenye usukani unatoa milioni 1 na laki 6. Hapo ndipo kampuni inakuambia bila kukuambia kwamba inamwogopa yeye. Na gari hawana shida nalo.

Kwa hiyo waulize swali hili, na ulitake jibu kwenye karatasi: nikimtoa mwanangu kabisa kwenye mkataba, nikaweka dereva mtu mzima mwenye pamiti ya miaka mingi na jina lake likaandikwa, mnanitoza asilimia ngapi? Sitakuahidi namba. Lakini sijaona mazungumzo ya bei yanayobadilika haraka kama hayo. Ukifanya hivyo, kijana asiguse ufunguo hata kwenda kununua mkate. Jina lake likiwa nje, akigonga, ni kama gari halina bima kubwa siku hiyo.

Najua ni mwanao na najua ni vigumu. Lakini nikuambie ninavyoona mimi. Kugonga boda boda kunaweza kumpata yeyote, barabara ile naijua. Mtaroni usiku, naweza kusema uchovu. Pombe baada ya hizo mbili, hapana. Kiwango cha sheria ni miligramu 80 za pombe kwenye mililita 100 za damu, na bima kubwa za hapa zina kifungu cha ulevi. Dereva akiwa amelewa, Noah hailipwi, uwe umekubali fungu la 20 au la 50. Wewe unajadili milioni 3 ili ukingwe, na yeye kwa chupa nne anaweza kuifanya karatasi hiyo isiwe na kazi usiku mmoja. Mwache akae dukani, au apande kama utingo na dereva mkubwa mwaka mzima. Miaka miwili mitatu bila kesi, na akifika 25, utamrudisha kwenye mkataba na bei haitakuwa hii.

Sasa ile karatasi ya LC1, maana kuna wengi watakaosoma hapa na jambo hili litawapata. Mikataba ya bima ya gari ina kifungu kinachokataza mwenye bima kukubali kosa au kuahidi malipo bila kampuni kujua. Sababu yao ni kwamba wao ndio watakaolipa, basi wao ndio wenye haki ya kubishana. Kwetu hilo ni gumu. Mtoto wa watu amelala na mguu umefungwa, wazee wamekuja, huwezi kuwaambia subirini niulize Kampala. Lakini njia ipo. Nenda hospitali, peleka chakula, changia dawa, mpe pole mama yake. Hayo ni utu na hakuna kampuni itakayokushtaki nayo. Karatasi yenye maneno "kosa ni letu" ndiyo usiyoweka sahihi. Mwambie mwenyekiti aandike kwamba familia zimekutana, msaada umetolewa, na suala la kosa linaachiwa polisi na bima. Na siku hiyohiyo piga simu kwa kampuni, kisha uandike barua. Ukichelewa kutoa taarifa, hicho nacho ni kifungu kingine watakachokushika nacho.

Kwa milioni 2 na nusu zilizokwenda, iandikie kampuni ikupe kukataa kwao kwa maandishi, wakitaja kifungu. Usipowaelewa, Mamlaka ya Kusimamia Bima ina ofisi ya malalamiko Kampala na unaweza kupeleka shauri lako huko. Nafasi yako naiona ndogo, karatasi ile imekufunga. Lakini kiwango cha lazima cha milioni 1 kwa mtu aliyeumia kiulizie peke yake, usikichanganye na zile nyingine. Suala la bei kupanda usilipeleke huko. Kuongeza ada kwa mwenye ajali mbili ni haki yao.

Umebaki na wiki chache tu. Usingoje siku ya mwisho, kwa sababu bima ya hapa haianzi mpaka pesa iingie, na mwezi ukiisha ijumaa usiku, jumamosi Noah ikae nyumbani. Pesa iweke kwenye akaunti ya kampuni, isipite kwenye simu ya wakala. Stika ukipewa, piga simu kampuni wakuthibitishie namba yake, stika za bandia zimejaa. Na fomu mpya jaza mwenyewe, kwa mkono wako, matumizi ya gari, majina ya madereva, ajali zote mbili, kesi ya pombe, na safari za Kongo. Nafasi ikiwa haitoshi ambatisha karatasi, waambie wagonge muhuri kwenye nakala yako, na uiweke pamoja na kadi ya gari.